Kioo Kikiganda Kwenye Linux, Usikimbilie Kuchomoa Waya

Habari zenu watazamaji, karibuni dukani Mwanjelwa, Mbeya. Hii hapa mezani ni kompyuta ya mama mmoja mwenye steshenari kule Uyole, ina mfumo endeshi wa Linux Mint. Yuko katikati ya kuchapa mitihani ya watu, kioo kinaganda. Wameshamwambia afute kila kitu aweke upya. Jamani, hapana! Kioo kuganda si kompyuta kufa, na sababu mara nyingi imeandikwa humo humo ndani. Tuisome kwanza.

Subirini nigeuze simu, mwanga wa dirishani unapiga kwenye kioo. Haya, sasa mnaona.

Ikiganda, bonyeza Caps Lock. Taa ikiitika, mfumo uko hai. Isipoitika, usikate tamaa, njia bado zipo. Kama mshale unatembea ila madirisha hayasikii, bonyeza Ctrl+Alt+Esc: Cinnamon, yaani programu inayosimamia madirisha, inajiwasha upya na kazi zako zinabaki wazi. Ikigoma, Ctrl+Alt+F3, unapata kioo cheusi cha maandishi. Andika jina lako na nywila. Nywila haionekani unapoiandika, wewe andika tu. Kisha:

sudo systemctl restart lightdm

Hiyo lightdm ndiyo inayoleta kioo cha kuingilia. Hapo madirisha yote yanafungwa, kwa hiyo ambacho hukuhifadhi kime...

Eeh, imeganda! Tazameni saa pale kona ya chini, haisogei. Afadhali, tumeikamata mbele ya kamera. Ctrl+Alt+F3... kimya. Basi shika Alt na PrtSc kwa pamoja, usiviachie, bonyeza S. Tulia kidogo. U. Tulia. B. Imejizima na inawaka upya. S imemalizia kuandika data kwenye diski, U imezifunga diski zisiandikwe tena, B imewasha upya. Ukichomoa waya, faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika. Kwenye laptop nyingi utahitaji na Fn.

Imewaka. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, haraka:

journalctl -k -b -1

Maana yake: nionyeshe ujumbe wa kaneli, yaani kiini cha mfumo, wa safari iliyopita, kabla hatujawasha upya. Bonyeza G kubwa uende mwisho. Mwenye kadi ya picha ya Intel, tafuta i915 na GPU HANG. Mwenye AMD, tafuta amdgpu na ring gfx timeout. Ukikuta Out of memory, kadi haina kosa, RAM imejaa. GB 4 na tabu za Chrome zimejaa juu, ndiyo matokeo yake. RAM ninazo hapa, njooni tuongee.

Sisi tumepata nouveau, mistari mizima. Hiyo ni draiva (programu inayoendesha kadi) huria ambayo wanajamii waliiandika kwa kuchunguza kadi za NVIDIA zinavyofanya kazi. Naiheshimu sana kazi ile, kompyuta nyingi zinaonyesha picha kwa sababu yake. Ila kwa kadi hii ya GT 710 nitaweka draiva ya NVIDIA yenyewe, toleo la 470.

Tatizo, inaweza kuganda kabla sijamaliza kuiweka. Kwa hiyo nawasha upya huku nimeshikilia Shift, menyu ya GRUB, ile ya kuchagua namna ya kuwaka, itokee. Mashine za UEFI, yaani zilizoacha BIOS ya zamani, gonga Esc. Kama kuganda kulianza baada ya kusasisha, ingia Advanced options uchague kaneli ya zamani, huenda ukaishia hapo hapo. Sisi tunabonyeza e, turekebishe maagizo ya kuwaka.

Hapa tulieni. Tafuta mstari unaoanza na neno linux. Nenda mwisho wa quiet splash, acha nafasi moja, andika nomodeset, yaani nouveau isitumike safari hii. USIBONYEZE ENTA. Mkono unataka kuipiga kwa mazoea, uzuie. Enta hapa haiwashi, inakata mstari tu, na kinachobaki mbele yake kinahesabika amri nyingine. Ni F10, au Ctrl+X. Ukishaipiga Enta, bonyeza Esc uanze upya. Narudia, F10.

Picha imekuja kubwa na nzito, ndivyo inavyotakiwa kwa sasa. Fungua Driver Manager, chagua iliyoandikwa recommended, subiri ishuke. Bando langu leo linasuasua, nakata video hapa kidogo.

Imemaliza. Washa upya. Nomodeset imeshaondoka yenyewe, ilikuwa ya safari moja tu. Andika nvidia-smi... hiyo hapo, 470. Mnaliona jina la kadi?

Nafungua na boksi nipulize vumbi kwenye feni, maana kadi ikipata joto nayo inaweza kugandisha kioo. Halafu nitacheza video huku printa inachapa, mpaka jioni. Ikiganda tena, nitaanzia kwenye journalctl, na mistari itakayotokea nitawaonyesha.