Mguu Uliotambuliwa Vibaya na Mzigo wa Kuthibitisha

Ndugu zangu, nianze na mguu wenyewe kabla ya sheria ya kudai fidia kwa uzembe wa daktari.

Mtu ameishi na kisukari miaka mingi, na miguu imeanza kufa ganzi. Siku moja wayo unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto, lakini maumivu ni kidogo. Anaambiwa ni jongo, au mteguko, au maambukizi ya ngozi. Anapewa vidonge, anaondoka akitembea. Kumbe mifupa inavunjika ndani kwa ndani kila anapokanyaga. Huo ni ugonjwa wa Charcot, unaobeba jina la daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyeeleza maradhi haya ya viungo mwaka 1868. Eksirei ya mwanzo inaweza isioneshe kitu. Tiba kuu ni kuufunga mguu plasta ngumu na kuuondolea uzito, mara nyingi kwa miezi.

Sasa, daktari kukosea peke yake si uzembe. Najua hilo linamuuma aliyebaki na mguu uliopinda. Lakini mahakama itauliza: daktari mwenye ujuzi wa kawaida angefanya nini? Je, huyu aliuliza habari za kisukari? Alipima hisia za wayo? Aligusa miguu yote miwili kulinganisha joto?

Hata ukithibitisha uzembe, bado hujashinda kesi. Januari 1966, walinzi watatu walifika hospitali moja ya London wakitapika. Daktari hakuwaona, alituma neno waende nyumbani. Mmoja akafa kwa sumu ya aseniki. Mahakama ilikubali kwamba ulikuwa uzembe, lakini mjane hakupata fidia, kwa kuwa hata angetibiwa, marehemu asingepona. Kwangu mimi, hapa ndipo penye ugumu wote wa madai haya: lazima uoneshe kwamba kuchelewa ndiko kulikoharibu mguu, si ugonjwa wenyewe.

Kwa mguu wa Charcot, ushahidi huo mara nyingi upo kwenye picha. Eksirei ya kwanza upinde wa wayo umesimama, ya baadaye umeanguka. Kwa hiyo omba faili lote na picha zenyewe, si ripoti tu, kisha mtafute bingwa wa mifupa asiyehusika azisome. Na mwone wakili mapema, tena akueleze ukomo wa muda wa kufungua kesi unahesabiwa tangu lini: siku ulipoumia, au siku ulipojua.

Karibuni kwa maswali.