Kwani Mkutubi Anafanya Nini Kutwa Nzima?

ZAI: Haya karibuni tena, mimi Zai, niko na kaka yangu Shabani, tunaongea kutoka hapa Mwanga, Kigoma mjini, mwisho wa reli. Mkisikia bodaboda huko nyuma mvumilie tu, dirisha hatufungi kwa joto hili.

SHABANI: Ukifunga tunaiva humu. Mada ya leo kaleta nani?

ZAI: Mimi. Binti wa dada yangu kamaliza fomu foo, anasema anataka akasomee ukutubi, hii kazi ya kuhudumia maktaba. Nyumba nzima ikacheka. Baba yake kauliza, yaani uende chuo ukafundishwe kuwaambia watu wanyamaze?

SHABANI: Hahaha, mi na shemeji tuko timu moja aisee. Si mtu anakuja, unagonga muhuri, anaondoka?

ZAI: Muhuri hata wewe utagonga. Sikiliza. Tuseme kijana kaingia maktaba ya mkoa, anasema naomba kitabu cha biashara. Ukimwonyesha shelfu la biashara umemaliza kazi? Atakutana na uhasibu wa chuo kikuu, afunue kurasa mbili, aende zake na asirudi. Mkutubi anayeijua kazi anamkalisha, biashara gani mdogo wangu, unayo au ndo unaanza, unakitaka cha nini, wanapiga stori wee mpaka inatoka kumbe wana kikundi chao wanataka ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, sasa wameambiwa walete andiko la mradi na hawajui hata linaanzaje. Unaona? Shida yake ilikuwa mfano wa andiko na jinsi ya kupanga gharama.

SHABANI: Sasa hiyo si anaingia Gugo tu?

ZAI: Aandike nini huko wakati swali lenyewe bado hajalijua? Hapo ndo kazi ilipo, kumsaidia mtu alijue swali lake. Na ukishalijua unatakiwa ukae nalo. Mtu akija kusoma habari za VVU au talaka haimhusu jirani, na mji wetu huu unaujua wewe, ukikohoa Gungu wanakupa pole Ujiji.

SHABANI: Hapo nimekuelewa. Ila zile namba kwenye migongo ya vitabu nani alizileta, maana mimi huwa naona kama hesabu za bima.

ZAI: Ni za Mmarekani, Melvil Dewey, 1876. Elimu yote kaigawa makundi kumi, kuanzia 000 mpaka 900 na kitu. Kilimo 630, historia huko 900. Lakini sasa angalia alivyopanga dini, 200 zote hizo, kuanzia 220 mpaka 280 na kitu ni Ukristo, Uislamu wote kausokomeza kwenye 297.

SHABANI: Wote?! Ujiji nzima na misikiti yake yote, 297?

ZAI: Na fasihi yetu hivyohivyo, Wazungu wametandaza 810, 820, 830, sisi Afrika kwa lugha zetu tumebanana 896. Kwa hiyo mkutubi wa hapa anaanza na namba za mtu ambaye hakuwa anatuwaza, halafu anatafuta namna ya kukiweka kitabu mahali ambapo msomaji wa Kigoma atakiona. Hilo muhuri haulifanyi, kaka.

SHABANI: Sawa bana. Lakini tuseme ukweli, kuna mtu alikuwa mdogo akasema mi nikikua nitakuwa mkutubi? Wengi wanaangukia. Shuleni mwalimu anaambiwa tu, wewe una vipindi vichache, shika na ufunguo wa maktaba.

ZAI: Wengi kweli, na hiyo ya kumbebesha mwalimu mwenye vipindi vyake mi siikubali kabisa, maktaba inaishia kufungwa muda wote yuko darasani. Ila kuangukia siyo kitu kipya. Mhindi mmoja, Ranganathan, alikuwa anafundisha hesabu, mwaka 1924 akapewa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras. Ikamboa! Akaomba arudishwe darasani. Wakamwambia nenda kwanza London ukasome hii kazi, ukirudi bado huitaki tutakurudisha. Karudi kawa kichaa wa maktaba, 1931 katoa kanuni zake tano, mojawapo okoa muda wa msomaji.

SHABANI: Alichokiona huko London ni nini?

ZAI: Maktaba zenye watu ndani. Wafanyakazi, watoto, akina mama.

SHABANI: Haya, mshahara je? Maana shemeji ndo anachouliza kimoyomoyo.

ZAI: Kutajirika sahau. Ila chuo kipo, Bagamoyo, cha Bodi ya Huduma za Maktaba, bodi yenyewe imeanza na sheria ya 1963, uhuru bado mbichi, na Maktaba Kuu pale Dar ikafunguliwa 1967 na Mwalimu Nyerere mwenyewe. Anaanza na cheti, anapanda diploma. Na kazi siyo maktaba tu, kuna masijala, kumbukumbu za hospitali, vyuo.

SHABANI: Basi aende. Ila Bagamoyo mbali jamani, reli yote mpaka Dar halafu upande tena basi.

ZAI: Nauli ya kwenda ni ya mjomba wake.

SHABANI: Mjomba yupi?

ZAI: Huyu aliyecheka.