Nyumba ya Babu, na Sisi Tukiwa Ndani

Asanteni sana, na samahani kwa kuchelewa kuanza. Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa nyumba za zamani. Heri nimsahihishe kabla hamjafungua madaftari: mimi ni mwalimu wa hesabu. Nyumba nitakayoizungumzia aliijenga babu mzaa baba, tukairithi watu watatu, na ndugu zangu wawili wakaniachia kwa sharti moja tu, nisiibomoe. Nilicheka, nikaona ni sharti jepesi. Huu ni mwaka wa 9 wa kuikarabati.

Watu huniuliza nimetumia shilingi ngapi, na lini nitamaliza. Swali la kwanza silijibu mume wangu akiwepo, na yupo pale safu ya tatu. La pili sina jibu lake. Swali ambalo haliulizwi, na ndilo lililoamua kila kitu kwetu, ni hili: mtakaa wapi kazi ikiendelea? Sisi hatukuwa na pa kwenda. Tulihamia na watoto watatu, mdogo akiwa bado anatambaa, pamoja na mama yangu. Kwa hiyo ninayoyasema leo ni ya mtu aliyekarabati nyumba huku nguo zimeanikwa ndani na mtoto anauliza daftari lake liko wapi.

Tulianza vibaya. Tulianza na rangi ya sebuleni, kwa sababu sebule ndiyo inayoonekana na wageni. Miezi miwili haikuisha, rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, na chini yake ukatokea unga mweupe. Nikaukwangua, nikapaka tena. Ukarudi. Ule unga ni chumvi. Maji yakipita ndani ya ukuta hubeba chumvi, na yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuiacha pale pale. Mwenye kupaka rangi juu yake anapaka rangi juu ya maji.

Basi nikatoka nje kuyatafuta maji. Hapa hesabu ilinisaidia kuliko fundi yeyote. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hakuna ugumu. Paa letu lina kama mita 100 za mraba, tuseme mvua ya usiku mmoja ni milimita 20. Hizo ni lita 2,000. Gata la upande wa nyuma, ule mfereji wa kupokea maji ukingoni mwa paa, lilikuwa limeziba majani, kwa hiyo maji yote ya upande ule, karibu lita 1,000, yalikuwa yakimwagika mahali pamoja, chini ya ukuta wa sebule. Kila mvua. Kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Kulizibua gata kulinichukua asubuhi moja, ngazi na ndoo. Rangi niliyoipaka bure ilinichukua wiki 3.

Kwa hiyo anza juu. Paa, gata, bomba la kushushia maji, halafu ardhi inayozunguka nyumba iteremke kwenda nje. Mpaka hapo usinunue rangi. Mama aliyenyoosha mkono kule nyuma, najua ni mchwa, nimekuona, nitafika.

Maji ya paa yaliisha, ukuta ukaendelea kulowa. Nyumba ile ni ya mawe yaliyoungwa kwa chokaa, na miaka mingi baadaye mtu, kwa nia njema kabisa, aliipiga lipu ya saruji. Saruji tunayoijua leo si ya kale kama tunavyodhani: Joseph Aspdin, fundi Mwingereza, aliipatia hataza mwaka 1824. Kabla ya hapo mtu aliyejenga kwa mawe aliunga kwa chokaa au udongo, na kuta hizo zilifanya kazi kwa namna nyingine. Hazikuzuia unyevu usiingie. Ziliuruhusu uingie na utoke. Ukizifunika kwa saruji, unyevu unaingia kwenye ufa mdogo, unakosa njia ya kutokea, na kwa kuwa saruji mara nyingi ni ngumu kuliko jiwe, kinachosagika ni jiwe.

Siku tuliyoitoa ile lipu naikumbuka vizuri. Unagonga ukuta kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Palipo pazima panatoa mlio mfupi, palipoachana panalia kama debe tupu. Kwetu ulilia debe tupu kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua. Nikachomeka patasi, nikagonga mara mbili, na pande kubwa kama mlango wa kabati likashuka zima zima hadi sakafuni. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi. Nilisukuma kidole kati ya mawe mawili kikazama hadi kifundo cha pili, na kilitoka na tope. Harufu ni ya shimo lililofunikwa. Mama yangu alisimama mlangoni akatazama, akasema, "Mmemvisha koti la mpira, halafu mnamlaumu anatoka jasho." Mafundi watatu walikuwa wamekwisha kuja kuutazama ukuta ule. Hakuna aliyesema hivyo.

Kuna kanuni ya makadirio wanayoitumia watu wa kazi hii: ukuta hukauka kwa kasi ya milimita 25 za unene kwa mwezi. Wetu una milimita 450. Gawanya. Miezi 18.

Mwaka mmoja na nusu wa sebule isiyo na lipu! Mume wangu alitaka tuwashe mashine za joto, tukaambiwa tutaukausha uso na kuliacha tumbo bichi. Kwa hiyo tulifungua madirisha, tukakaa. Na hapa ndipo mambo yalipogeuka, bila mpango wa mtu. Siku ya tatu au ya nne nilimkuta mtoto wa pili anachora samaki ukutani kwa penseli. Nilifungua mdomo kumkemea, nikakosa hoja. Ukuta ule ungekuja kufunikwa, sasa anaharibu nini? Tukawaruhusu. Kwa miezi 18 ukuta ukawa daftari la nyumba nzima: samaki, jedwali la kuzidisha kwa 7, nani ana zamu ya kuosha vyombo, mchoro wa mama amelala kiti kikiwa kimemzidi ukubwa. Vyote viko chini ya lipu mpaka sasa. Wageni wakikaa sebuleni watoto hutazamana.

Kuhusu chokaa yenyewe, nivumilieni kidogo, maana naipenda. Jiwe la chokaa linachomwa hadi kama nyuzi 900 za Selsiasi, linatoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa hai. Ukiitia maji inachemka yenyewe, pasipo moto. Hatua hiyo ndiyo kuzima chokaa, na msiifanye nyumbani penye watoto, inaweza kupofusha. Nunueni iliyokwisha kuzimwa. Ukiipaka ukutani inaanza kuivuta tena ile hewa iliyoipoteza kwenye tanuri, na polepole inarudi kuwa jiwe. Inataka tabaka jembamba, inyunyiziwe maji isikauke upesi, ingojwe, ndipo tabaka jingine. Pliny wa Roma, karne ya 1, aliandika kwamba sheria za zamani zilimkataza mjenzi kutumia chokaa iliyozimwa chini ya miaka 3. Fundi wetu aliposikia hivyo aliniuliza kama mimi ndiye nitakayemlipa hiyo miaka 3.

Lakini chokaa ilitufaa kuliko nilivyotarajia kwa sababu ya mwendo wake. Unapaka saa mbili asubuhi, halafu kwa siku kadhaa kazi yako ni kunyunyizia maji tu. Mtoto wa miaka 7 anaiweza kazi hiyo, tena anaigombania. Nyumba inayokarabatiwa kwa haraka inawafukuza watu wake. Hii ya kwetu ilituwekea nafasi ya kula, kusoma, kuugua mafua, kugombana na kupatana.

Sasa niwaambie kosa langu, na nisilikwepe. Mwaka wa pili nilipiga msasa dirisha la ukumbini. Msasa mkavu, alasiri nzima, vumbi la kijani limejaa kila mahali, na mtoto mdogo anatambaa humo humo akiweka mikono mdomoni. Rangi za zamani nyingi zilichanganywa risasi, ile metali yenye sumu. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978, nchi nyingine baadaye sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Nilisoma hayo usiku, baada ya kufagia. Tulimpeleka kupimwa damu, na majibu yalikuwa na risasi. Si ya kumlaza hospitali, ila ilikuwepo, na daktari alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuielezea. Ilishuka kwa vipimo vilivyofuata. Yuko shule sasa, ni mtundu, ananishinda kwa maneno.

Kwa hiyo rangi kuukuu ihesabuni kuwa ina risasi hadi ipimwe. Msiikwangue kavu, msiichome kwa moto. Loweka, funika sakafu kwa nailoni, futa kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio, na watoto na mjamzito wasiwe katika chumba hicho hata kwa dakika moja. Na mkikuta bamba za asbesto kwenye paa au dari, msikate wala kutoboa. Hiyo si kazi ya mwenye nyumba. Umeme hali kadhalika: fundi mwenye leseni, kabla ya lipu, basi.

Baada ya kisa kile tuliweka amri moja. Chumba kimoja hakiguswi. Kwetu ni cha mama. Humo haingii nyundo, haingii ndoo, haingii mtu na viatu vya kazi. Kina meza, taa nzuri, vitabu vya shule na kitanda. Ratiba ilikuwa ikisema chumba hicho kifuate, tukakiruka, kisha tukakiruka tena. Dari yake ina doa hadi leo, kavu, na mama anasema lina umbo la kuku.

Kuna methali mnaingoja, naiona machoni mwenu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikaa na ufa miaka 2 bila kuuziba, kwa makusudi. Ulikuwa juu ya dirisha la kusini, upana wa milimita 3 hivi. Mkandarasi alitaka tuchimbe msingi wote tuutie zege. Mtu mwingine, mhandisi, alituambia tuuangalie kwanza, kwa kuwa ufa uliozibwa hausemi tena unaenda wapi. Binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka 12, akachukua kazi hiyo. Kila tarehe 1 ya mwezi alipanda kiti, akapima upana, akaandika tarehe kwa penseli ubavuni mwa ufa. Akachora grafu. Ilipanda kiangazi, ikashuka mvua ziliporudi, ikapanda tena, tofauti haikuzidi milimita 1, na kila mwaka ilirudi ilipoanzia. Ni udongo wa mfinyanzi chini ya msingi, unavimba na kusinyaa. Tukaujaza kwa chokaa tukaendelea na mambo mengine. Ungekuwa unapanuka upande mmoja bila kurudi, au milango inaanza kukwama, hapo hakuna cha grafu, anaitwa mhandisi siku hiyo hiyo.

Na sasa mchwa, na kuoza kwa mbao, maana vinatembea pamoja. Fremu ya mlango wa ukumbi ilikuwa imeoza chini, sentimita 30 kutoka sakafuni. Seremala alitaka kuing'oa yote, na kwa bei ningemwelewa. Lakini kwenye fremu ile kuna mistari. Urefu wa baba yangu akiwa na miaka 6. Shangazi zangu. Mimi, na karibu yangu kaka yangu aliyesimama kwa vidole vya miguu, tunajua kwa sababu mwaka uliofuata alipungua. Watoto wangu watatu. Huko Uingereza, msanii William Morris na wenzake waliunda jumuiya mwaka 1877 kupinga ukarabati wa aina hiyo, wa kufuta umri wa jengo ili lionekane jipya. Mimi sikuwa namwaza Morris. Nilikuwa namwaza kaka yangu.

Tulikata kilichooza tu. Seremala, akiwa amenuna, alikata kwa mshazari unaoteremkia nje ili maji yasitulie kwenye kiungo, akaunga kipande cha mti wa aina ile ile. Kuvu wa kuozesha mbao hawawezi kuanza kazi mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20, kwa hiyo dawa kubwa ilikuwa kuinua kizingiti kisikae majini. Kiungo kinaonekana. Nilimwomba asikifiche. Mstari wa mtoto mdogo wa mwaka huu ulipanda sentimita 6, akasema kiatu hakikuhesabiwa. Kilihesabiwa.

Mama wa mchwa, sasa ni zamu yako, tafadhali apewe kipaza sauti. Kabla sijakujibu niambie kwanza: hiyo mbao iko karibu na bomba?