Mke wa Gavana Katika Tabora ya Vita

Waheshimiwa wazee wetu, walimu wenzangu, nanyi vijana mliojitokeza jioni hii, shikamooni na karibuni. Sote hapa Tabora tumepita mbele ya boma la Wajerumani mara zisizohesabika, na kila tunaposimulia habari za Vita Kuu ya Kwanza huwa tunawataja majenerali. Leo naomba tumtazame mtu aliyebaki mjini humu wakati wenye bunduki walipokwisha kuondoka, naye ni Bibi Ada Schnee, mke wa Heinrich Schnee, aliyekuwa gavana wa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu mwaka 1912.

Kisheria, gavana ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi ya koloni. Hata hivyo kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa mtu wa kungoja ruhusa: Schnee alitaka miji ya pwani iepushwe na mapigano, mwenzake akapigana Tanga mwezi Novemba 1914, tena akashinda. Kwa hiyo mama huyu aliishi chini ya kivuli cha cheo kilichokuwa kizito kwenye karatasi na chepesi uwanjani. Juu ya hayo, Ada alikuwa mzaliwa wa New Zealand, na Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha yake ya kwanza, ndiyo hiyohiyo iliyotumiwa na maofisa waliokuwa wakimwinda mumewe.

Serikali ilihama Dar es Salaam ikaenda Morogoro, kisha ikaja hapa kwetu, kwa kufuata Reli ya Kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914 tu. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, na hapo ndipo vita vilipoingia jikoni na kabatini. Kazi ya kusokota pamba, ambayo vitambaa vya madukani vilikuwa vimekaribia kuiua, ilifufuliwa na wanawake, Waafrika kwa Wazungu. Nguo zilizofumwa zikatiwa rangi ya hudhurungi iliyotokana na mti uitwao ndaa, ili askari wasionekane weupe porini. Nani aliyeketi kusokota usiku na nani aliyeamrishwa kusokota, hilo ni swali ambalo vitabu vya maofisa hulipita haraka mno kwa roho yangu. Fedha nazo ziliadimika, hata mwaka 1916 karakana ya reli ikafua sarafu za dhahabu za rupia 15, ndogo za kutosha kufichwa kwenye pindo la kanga, zenye picha ya tembo na herufi T ya Tabora.

Tarehe 28 Julai 1916 Kigoma iliangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur. Gavana alikwisha kuondoka kulifuata jeshi, mkewe alibaki. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora, baada ya vikosi vya Kijerumani vya Jenerali Wahle kutoroka na kuwaacha nyuma wanawake, watoto na majeruhi. Mji huu ulikuwa umewafungia Wazungu wa mataifa adui, wakiwamo wamisionari wa Kiingereza. Siku ile waliokuwa kifungoni wakatoka, na mke wa gavana akawa mateka. Baadaye alipelekwa Ulaya kwa njia ya Kongo.

Mwaka 1918 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mimi nazisoma kwa tahadhari, maana mateka aliyeandika kabla uchungu haujapoa hawezi kuwa hakimu wa waliomteka. Ila namshukuru kwa kuandika. Wake wa askari, ambao walitembea na mizigo na watoto mgongoni nyuma ya msafara hadi Msumbiji na kurudi, hawakutuachia hata ukurasa mmoja, na jina la bibi mmojawapo ni nadra kulikuta.

Von Lettow alisalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, Schnee akiwa pamoja naye. Wazungu walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapandishwa treni ya kwenda Dar es Salaam, na treni hiyo ikapita hapa stesheni. Askari wao waliletwa Tabora kambini, wakingali wanadai mishahara ya miaka, na homa ya mafua iliyokuwa ikiua dunia nzima mwaka ule ikawakuta humo.