"Usiitike!": Trela ya kutisha ya wanafunzi, kibanda cha Mbagala na nadharia ya hadhira

[Muziki unashuka]

MWANAIDI: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Mwanaidi, na pembeni yangu yupo Baraka, kaingia sasa hivi anahema.

BARAKA: Shikamoo dada. Foleni ya Buguruni hiyo, usinilaumu.

MWANAIDI: Marahaba. Hebu waambie watu ulikuwa unafanya nini wiki mbili hizi.

BARAKA: Nilikuwa nazunguka na trela, kile kipande kifupi cha kutangaza filamu. Kuna vijana watano wa chuo kimoja hapa mjini, mwaka wa pili, wametengeneza trela ya filamu ya kutisha kama kazi ya darasa. Dakika moja na sekunde hamsini. Msichana anapanga chumba cha uani kwenye nyumba ya zamani Kigamboni, usiku mambo yanaanza. Wakaniomba niwasaidie sehemu ya hadhira, maana mwalimu kawaambia waandike trela imemlenga nani na kwa nadharia ipi.

MWANAIDI: Na wao waliandika nini?

BARAKA: "Vijana wa miaka 15 hadi 25, jinsia zote, wanaopenda filamu."

MWANAIDI: [anacheka] Hiyo ni daladala nzima ya Gongo la Mboto. Hata konda yumo.

BARAKA: Ndiyo maana nikawaambia tukaionyeshe. Tukaenda sehemu tatu. Ukumbi wa chuo kwanza, halafu kibanda umiza kimoja Mbagala, vile vya kuonyesha filamu mtaani, mwisho sebuleni kwa mama yangu Tandika.

MWANAIDI: Sasa subiri, maana hapo pana utamu. Wasikilizaji, trela ilikuwa na jambo moja kubwa walilolipigia hesabu vijana. Sekunde ya 85 hivi, giza tupu, kimya, halafu mwanamke wa gauni jeupe na nywele ndefu usoni anatokea ghafla na mlio mkali. Hapo ndipo walipomwaga jasho lao lote.

BARAKA: Na hela ya wigi.

MWANAIDI: Na hela ya wigi! Chuoni ikawaje?

BARAKA: Chuoni wakapiga kelele. Wengine walimwaga soda. Vijana wakafurahi, wakasema kazi imekwisha. Mbagala, mwanamke yule alipotokea, kibanda kizima kikacheka. Jamaa mmoja akasema, "Huyu katokea kwenye filamu za Wajapani, kapotea njia."

MWANAIDI: Masikini.

BARAKA: Lakini subiri. Mwanzoni kabisa, sekunde ya 20, kuna kipande ambacho vijana walikiweka kupitisha muda tu. Msichana anafua uani, magharibi imeshaingia, giza linashuka. Sauti inamwita kwa jina kutoka nyuma ya ukuta. Mara moja tu. Naye anaitika, "Abee!" Basi. Inakatwa, inaendelea.

MWANAIDI: Aisee.

BARAKA: Umeona? Hata wewe. Kibanda kizima kikalipuka: "Usiitikee!" Watoto wa shule, mafundi, mzee mmoja wa kahawa, wote. Na baada ya hapo kimya, mpaka feni ikasikika. Vijana wanatazamana, hawaelewi wamefanya nini.

MWANAIDI: Kwa wasiojua: ukiitwa gizani, husubiri? Mimi kwetu tuliambiwa usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Anayeita mara moja hujui ni nani.

BARAKA: Vijana nao waliambiwa hivyo na bibi zao. Wakasahau walipokaa kwenye kompyuta kuhariri.

MWANAIDI: Hapo sasa tumlete Stuart Hall, mwanazuoni wa habari na utamaduni. Mzaliwa wa Kingston, Jamaika, akaenda kufundisha Birmingham, Uingereza, na mwaka 1973 akaandika ile makala ya televisheni na ujumbe. Kwa Kiswahili chetu mimi naisema hivi: mtengenezaji anafumba, mtazamaji anafumbua. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Tofauti ni kwamba Hall hakusema mtazamaji anafumbua kilekile kilichofumbwa. Anafumbua kwa alicho nacho nyumbani.

BARAKA: Kuna wanaolipokea kama lilivyokusudiwa, wanaokubali nusu na kubishana nusu, na wanaolikataa kabisa.

MWANAIDI: Wa chuo wakapokea. Mbagala wakabishana: mzimu wamecheka, uani wameogopa. Na mama yako?

BARAKA: Mama alikataa yote. Alivyomwona yule wa gauni jeupe akaniuliza, "Jini gani huyu, hata harufu ya udi hana?" Nikamwambia mama, trela haina harufu. Akasema, "Basi angalau mngeonyesha mtu ananusa."

MWANAIDI: [anacheka] Mpeni mama hiyo shahada!

BARAKA: Na hakuwa anatania. Trela ilifuata sheria za jini wa kwingine, yeye anazo za kwake, akaihukumu kwa hizo.

MWANAIDI: Mimi nina ugomvi kidogo na vijana wa vyuo wanapoandika kazi hizi. Wanaanza na ile nadharia ya sindano. Kwamba ujumbe unaingia kwenye hadhira kama dawa kwenye mshipa, wote wanaugua sawa. Halafu wanaleta mfano uleule: Orson Welles na mchezo wake wa redio, Marekani, tarehe 30 Oktoba 1938, watu eti walikimbia kwa kudhani viumbe wa Mars wamevamia. Wakati watafiti wameshaonyesha kwamba magazeti yalitia chumvi kweli kweli.

BARAKA: Lakini dada, sisi tuna Popobawa, yule jini wa kuvamia watu usiku. 1995. Kutoka Pemba, Unguja, mpaka hapa Dar. Watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto. Hiyo siyo sindano?

MWANAIDI: Nani alidunga?

BARAKA: [kimya kidogo] Mm.

MWANAIDI: Ile haikuwa filamu wala tangazo la kituo kimoja. Ilitoka kwa shangazi ikaenda kwa jirani, ikaenda bandarini, ikapanda boti. Na ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi, watu roho juu. Ukitaka nadharia ya pale, mchukue mtafiti Lazarsfeld na wenzake, kitabu chao cha 1944 kuhusu wapiga kura wa Ohio, Marekani. Habari haimfikii mtu moja kwa moja. Inapita kwanza kwa yule anayeaminiwa mtaani, ndipo inamfikia.

BARAKA: Basi hapo umenikumbusha jambo la kibanda. Pale Mbagala kuna jamaa wa kutafsiri. Anakaa na maiki, filamu ya Kihindi au ya Kichina inakwenda, yeye anaisimulia kwa Kiswahili. Ile kazi ya kina Lufufu na DJ Mack. Trela yetu ina maandishi ya Kiingereza mwishoni, akayasoma kwa kejeli hata kabla watu hawajayaona. Sasa hapo hadhira inamtazama nani, trela au yeye?

MWANAIDI: Yeye! Yeye ndiye mtu wa kati wa Lazarsfeld. Mtengeneza trela ambaye hajafikiria huyo mtu, hajafikiria Mbagala.

BARAKA: Na pia hajafikiria simu. Nilikaa kwenye basi la mwendokasi, dada mmoja anatazama trela ileile kwenye statasi ya rafiki yake. Sauti kazima, anaogopa kusumbua watu. Mlio wote ule wa sekunde ya 85, bure. Akapitisha kidole, akaenda kwenye mishono ya vitenge.

MWANAIDI: Huyo ni wa watafiti Blumler na Katz, 1974. Wao waliacha kuuliza filamu inamfanyia nini mtu, wakauliza mtu anaifanyia nini filamu. Yule dada alitaka kupoteza vituo viwili tu. Wale wa chuoni?

BARAKA: Wa chuoni, nakuapia, nusu walikuja wawili wawili. Giza lilikuwa linawafaa kwa mambo mengine.

MWANAIDI: [anacheka] Haya, na hilo ni hitaji. Kuna kitu kingine kilinishangaza kwenye maelezo yako. Waliopiga kelele "usiitike" walikuwa wavulana zaidi?

BARAKA: Zaidi, ndiyo.

MWANAIDI: Vijana waliandika kwamba wasichana ndio watakaojiona kwa yule mpangaji, kwa kuwa ni msichana. Carol Clover, Mmarekani, kitabu chake cha 1992, anasema kinyume: kwenye filamu za aina hii mvulana anajikuta anatetemeka ndani ya viatu vya msichana anayebaki hai mwishoni. Umeyashuhudia hayo Mbagala bila kusoma ukurasa.

BARAKA: Sasa vijana wamehariri upya. Mwanamke wa gauni jeupe katolewa.

MWANAIDI: Na wigi?

BARAKA: Wigi limerudishwa dukani, kuna mjadala wa hela. Trela sasa inaanza na kufua. Sauti inaita mara moja, msichana anaacha kufua. Anasikiliza. Inaita mara ya pili. Anafungua mdomo... skrini inakuwa nyeusi. Kwisha.

MWANAIDI: Hapo mmeniua. Na mwalimu?

BARAKA: Mwalimu kauliza mbona hakuna cha kushtua. Alama hazijatoka.

MWANAIDI: Huyo naye ni hadhira, mumuandikie na yeye. Enhe, na wewe umelala vizuri baada ya kuitazama mara mia?

BARAKA: Dada, acha. Juzi usiku mtu kaniita dirishani. "Baraka." Nikanyamaza. "Baraka." Nikajifunika shuka. Nikasubiri ya tatu.

MWANAIDI: Ikaja?

BARAKA: Haikuja, akaondoka. Asubuhi nyumba nzima giza. Alikuwa mpangaji mwenzangu, anakusanya mchango wa LUKU, umeme wa kulipia kabla.

[Kicheko. Muziki unapanda]