Kibao na Mdomo: Majina ya Nairobi

Hamjambo nyote. Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliobanana pale mlangoni, sogeeni ndani, viti bado vipo.

Nianze na swali. Kati yenu mliokuja kwa matatu, nani alimwambia makanga amshushe Latema Road au Accra Road? (Kicheko.) Mnaona! Mlisema Odeon, mlisema Tea Room. Odeon ilikuwa sinema. Filamu zilikwisha kitambo, steji ikabaki, na leo hata mtoto aliyezaliwa baada ya sinema kufungwa anashukia Odeon bila wasiwasi. Mji huu una majina ya kibao na majina ya mdomo. Kibao hung'olewa. Mdomo hauna wa kuung'oa.

Jina la Nairobi lenyewe mnalijua: Enkare Nairobi, maji baridi, Kimaasai. Reli ilipofika mwaka 1899, jina tayari lilikuwepo likisubiri stesheni. Tupite hapo.

Nataka tukae kidogo Kariokor. Tunakwenda kununua vyondo, tunakula nyama choma, tunarudi nyumbani. Jina lile ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikuwa wakimwandama Mjerumani porini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Barabara hakuna, na mbung'o wanaua punda na ng'ombe. Mzigo ukabebwa na nani? Kichwa cha Mwafrika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, si kwa risasi. Karani aliandika Kiingereza chake. Watu wakalitamka walivyoweza, likawa letu. Nenda Dar es Salaam, ukashuke Kariakoo: ni neno lile lile, wapagazi wale wale.

Kibera nako ni hivyo. Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Wanubi, askari waliotoka Sudan wakalitumikia jeshi la Mwingereza, walipewa makao pale penye miti. Miti iko wapi leo? Lakini Mnubi akisisitiza useme Kibra, usidhani anakusahihisha matamshi tu. Anakukumbusha nani alifika pale mapema.

Sasa Shauri Moyo. Pangani ya zamani kilikuwa kijiji cha Waswahili, kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyewe wakaelekezwa kwenye nyumba mpya huku. Wazee husimulia kwamba waliambiwa: kuhamia au kutohamia, shauri ya moyo wako. Jamani, sisi tunajua Kiswahili. Mtu akikwambia "shauri yako", amekupa hiari au amekutishia? Nyumba yako imeshavunjwa, halafu unaambiwa uamue! Kwangu mimi hilo ndilo jina lenye kejeli kali kuliko yote Nairobi, na waliolishika walijua wanachosema.

Mjini kati, uhuru ulipokuja, vibao viligeuzwa. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Government Road baadaye ikawa Moi Avenue. Na tazameni hili. Waziri Tom Mboya alipigwa risasi Government Road, tarehe 5 Julai 1969. Barabara iliyopewa jina lake ni ile iliyokuwa Victoria Street, hatua chache tu kando. Sanamu yake sasa imesimama Moi Avenue. Kwa hiyo mtu mmoja ana jina barabara moja na sanamu barabara nyingine, na sisi tunapita katikati tukikimbilia gari.

Siku hizi mdomo unatunga kwa kasi zaidi. Githurai 45 ni namba ya basi iliyogeuka mtaa. Vuka Thika Road uko 44. Mlolongo, kule Mombasa Road, ni foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja mizani. Hakuna kamati iliyokaa. Dereva alisema "niko kwenye mlolongo", na watu wakajenga hapo.

Nina mengine, lakini kuna mama pale nyuma ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja Pangani. Mpelekeeni kipaza sauti.