Kwa nini ukuta wa nyumba yetu Mkomani, Lamu, uko wazi mpaka leo

Asalaam alaykum wapenzi, hamjambo. Karibuni tena jikoni kwangu, hapa London. Samahani kwa kelele, hiyo ni feni ya kuvutia hewa, na leo siizimi. Mtajua kwa nini.

Sikupanga kurekodi leo. Lakini swali limekuwa lile lile kila nikiweka kitu. Nikiweka mapishi, mtu anauliza. Nikiweka habari za shule ya mtoto, mtu anauliza. "Dada, wewe uko Uingereza, mbona nyumba ya mama yako Mkomani imebanduliwa lipu na haimaliziki? Pesa za Ulaya ziko wapi?" Na mwingine, huyu ana macho, aliiona ile kona nyeusi nyuma yangu kwenye video ya Ramadhani, akaniandikia: "Kwani huko pia kuna ukungu? Paka jiki tu, yaishe."

Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu wallahi ni jambo moja. Najua wako watakaosema najionyesha kwamba natuma pesa za ujenzi. Wako watakaosema nalalamika na hakuna aliyenifukuza nyumbani. Semeni. Lakini nyumba ile ndimo nilimozaliwa, na siwezi kunyamaza huku kila anayepita kwenye kile kichochoro anadhani tumemwacha mama yetu kwenye gofu.

Ukuta haujaachwa. Unakauka.

Na kosa ni langu, kwa hiyo nianze nalo. Miaka minne iliyopita mama alinipigia simu, akaniambia lipu ya msana, kile chumba kirefu kinachotazama ua, inavimba na kudondoka, huku chini, usawa wa goti. Nikaona aibu. Nikasema mama yangu asikae hivyo na mimi niko hai. Nikatuma shilingi 85,000, pesa za zamu za usiku, nikamwambia binamu yangu atafute fundi wa haraka, apige simiti ngumu, juu yake rangi ya mafuta ing'ae. Simiti ikashushwa gatini, punda wakaileta mpaka mlangoni, siku nne kazi ikaisha. Nikatumiwa picha. Nikaziweka hapa hapa, mkanipongeza.

Mvua ya pili ilipopita, rangi ikaanza kutoa malengelenge. Na safari hii unyevu haukuwa usawa wa goti. Ulikuwa umepanda mpaka kwenye zidaka, vile vishubaka vya nakshi vya ukutani.

Nyinyi wa Lamu hamna haja ya kuelezwa nyumba ya mawe ilivyo. Lakini hili mimi sikulijua, na nimekulia mle ndani: jiwe la matumbawe linakunywa maji. Linayavuta kutoka chini, na maji ya kwetu yana chumvi. Chokaa huyaacha maji yale yatoke, upepo ukipita ukuta ukakauka. Simiti haiyaachi. Yakizibwa chini yanapanda juu, kutafuta pa kutokea. Na ile chumvi ikifika nyuma ya simiti inaganda, ikiganda inatanuka, inasukuma mpaka lipu inaachia vipande vipande. Ndiyo maana nyumba iliyopigwa simiti inaonekana nzuri mwaka mmoja, miwili, halafu inaharibika kuliko ilivyokuwa.

Fundi tuliyempata safari hii ni mzee, mtu wa chokaa. Mama alimshikia simu ili nami nione. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia wazi, kama mtungi usio na kitu. Akachomeka bisibisi ukingoni mwa simiti, akaitikisa kidogo tu, kipande kikubwa kama sinia kikamfuata mkononi. Nyuma yake kuna kitu cheupe, laini, nywele nywele kama pamba. Mama akakigusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Munyu," akasema. Chumvi.

Kisha mzee akapanda ngazi. Bisibisi ile ile akaitia kwenye kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani. Ikazama mpaka mpini. Akahamia ya pili, ikazama. Ya tatu pia. Boriti zilizobeba dari tangu babu hajazaliwa, zimeoza ncha kwa sababu ukuta uliozishika ulikuwa umelowa na umefungwa. Nilizima kamera yangu, mama asinione.

Sasa hizo boriti ndizo zinazokula muda. Mnakumbuka mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, mikoko, ambayo ndiyo boriti zetu, ikaingia humo humo, wakataji wetu wakakaa bila kazi. Siku hizi nikitaka boriti tatu nzuri nauliza kwanza zimetoka wapi na kama zina kibali, sitaki mama aje agongewe mlango. Halafu ruhusa yenyewe. Mji wetu wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, huwezi kuamka tu ukabomoa dari. Mimi siipingi sheria hiyo, naipenda, laiti ningeifuata ile mara ya kwanza. Kinachonichosha ni kuzungushwa. Hati iko kwa jina la babu, babu amefariki, warithi ni saba, mmoja yuko Mombasa na hashiki simu. Nimetuma nakala ya karatasi moja mara tatu kwa ofisi moja, mara ya nne nikaambiwa haijaonekana. Kila safari mama anapanda ngazi za watu na magoti yake yale. Kwa hiyo mtu akiniandikia "pesa ziko wapi", naomba ajue pesa iko. Inasubiri mhuri.

Haya, na huku kwangu.

Huku maji hayatoki chini, yanatoka kwetu wenyewe. Tunapumua, tunapika, tunaanika nguo ndani kwa sababu nje ni baridi, na mvuke wote ule unakwenda kutua kwenye ukuta wenye baridi zaidi, nyuma ya kabati ambako hewa haipiti. Majira ya baridi ya kwanza nilifanya vile mnavyoniambia. Nikapaka jiki. Weusi ukatoka, nikashukuru. Wiki tatu, umerudi. Jiki inaondoa rangi ya ukungu juu juu, lakini ukuta ukibaki na unyevu, ukungu unaota tena pale pale. Niligundua siku nilipovuta begi nyuma ya kabati kutafuta leso niliyopewa na mama siku naondoka. Ilikuwa na madoa meusi kwenye mikunjo yote. Nimeifua mara ngapi, hayatoki.

Tulipohama chumba kile, mwenye nyumba alinikata pauni 180 kwenye amana, akasema ukungu ni uchafu wangu. Nilikuwa sijui haki zangu. Sheria ya huku England, ya 2019, inamzuia mwenye nyumba kuchukua amana inayozidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za watu kama sisi, na sheria nyingine inamtaka amana hiyo aiweke chini ya mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Mkigombana, mfuko una wasuluhishi, na hulipi kitu. Lakini wasuluhishi wanataka ushahidi, na mimi sikuwa na picha hata moja ya siku niliyoingia. Kwa hiyo wewe unayekuja huku, kabla hujafungua sanduku, piga picha kila kona, nyuma ya makabati, dari ya choo, zitume kwa barua pepe siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki.

Na msidhani ukungu ni suala la urembo wa ukuta. Huku kuna mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Rochdale mwaka 2020 kwa ukungu wa nyumba waliyopangishwa, Mungu amrehemu na awape subira wazazi wake. Sheria iliyopewa jina lake imeanza kutumika Oktoba 2025, kwa nyumba za halmashauri na mashirika ya makazi. Sisi tuliopanga kwa watu binafsi bado. Mwanangu ana kifua, kila akikohoa usiku mimi naamka naupapasa ukuta.

Ninachofanya sasa ni hiki, na ni kwa nyumba yangu, yako siijui. Kabati nimelivuta, mkono unapita nyuma. Nguo naanika chooni, mlango umefungwa, feni inawaka. Asubuhi nafuta maji ya vioo kwa kitambaa, nakikamua kwenye sinki. Ukungu ukitokea kidogo, naufuta kwa maji ya sabuni, glavu mkononi na barakoa usoni, kisha naukausha ukuta. Ukizidi mita moja ya mraba siugusi, namwandikia mwenye nyumba barua.

Siki ninaitumia, mnaniuliza sana. Maji ya London yana chokaa nyingi, birika inaota ukoko mweupe. Natia siki na maji nusu kwa nusu, nachemsha, namwaga, nasuuza. Bomba la kuogea vile vile, naliroweka usiku. Lakini nawaomba, kwa heshima zote, siki msiichanganye na jiki. Inatoka hewa ya sumu, inaunguza mapafu. Na siki hiyo hiyo msiipeleke kwenye kuta za chokaa. Kama inakula ukoko wa birika, itaacha chokaa ya zidaka? Binamu yangu alijaribu kusafisha zidaka moja hivyo, nakshi zimelainika kama sabuni iliyotumika.

Kwa hiyo Mkomani tunangoja. Simiti yote imetoka, kaskazi hii inaukausha ukuta. Boriti zikipata kibali zinaingia, halafu mzee atapiga lipu ya chokaa nyembamba nyembamba, kwa mchanga usio wa pwani, na magunia mabichi juu yake isikauke ghafla. Juu ni chokaa ya kupaka, si rangi ya mafuta. Chokaa yenyewe imesharowekwa, iko kwenye pipa uani. Anataka lipu ya kwanza iingie kabla ya Ramadhani, na inshallah masika itukute tumemaliza.

Mwenye nyumba ya matofali ya simiti, haya hayakuhusu, muulize fundi wako. Mimi si fundi.

Na wewe binamu, najua unatazama. Mama ameniambia jana ulitaka kuosha ule weupe ukutani kwa mpira wa maji. Usioshe. Ukiutia maji chumvi inarudi ndani. Chukua ufagio mkavu, tandika gunia chini, ufagie taratibu kutoka juu, kisha kilichoanguka ukitoe nje kabisa, usikiache uani.